Nilipunja Mizani ya Mjukuu Wangu

Kosa ni langu. Msimtafute shetani, shetani siku zile alikuwa amelala zake. Kazi yote niliifanya mwenyewe, kwa mikono yangu hii yenye hina.

Jina langu liacheni. Nikilitaja, nusu ya Wamombasa wa Minnesota watajua ni mimi, na nusu iliyobaki watapigiwa simu. Niiteni Nyanya. Shule nilitolewa darasa la tatu nikaozwa, kwa hiyo haya nayasema kwa mdomo, na anayeandika ataandika. Nikienda mbio mnivumilie. Mdomo wangu hauna breki.

Nakaa Maplewood na binti yangu Rukia, anayehudumia wagonjwa hospitali, na binti yake Mwanasha, mjukuu wangu wa pekee, miaka ishirini na mitatu. Huyo Mwanasha ndiye niliyemdhulumu.

Mwanasha ni mtoto wa maji. Alipokuwa na miaka kumi Rukia alimwandikisha masomo ya bure ya kuendesha mashua za tanga, kwenye ziwa moja huko Minneapolis, ili likizo asishinde na simu. Basi! Ikawa ndiyo hiyo. Wenzake walitaka viatu, yeye alitaka kamba. Chuoni akaingia timu. Sasa anafanya kazi ya ofisi Golden Valley, lakini roho yake haijawahi kutoka ziwani.

Mwaka huu, barafu ilipoanza kuyeyuka, akaniketisha kwenye kochi akafungua video. "Nyanya, tazama. Hii ndiyo naitaka."

Nikaona dude la ajabu! Viwiliwili viwili vya chombo sambamba, katikati wazi, kama ngalawa iliyotolewa mtumbwi ikabakishwa matengo, zile mbao za pembeni. Tanga lake si nguo, limesimama kavu kama bawa la ndege. Mara likainuka! Likatoka majini lote, likawa lapaa juu ya vijiguu vyembamba kama visu, na watu wamo ndani wamevaa helmeti kama mafundi wa mjengo.

Akanieleza pole pole. Kila nchi ina chombo chake. Leo wanashindana bandari ya Ulaya, mwezi ujao Arabuni, kisha Australia, na ni kazi yao hiyo, hawachezi. Timu moja imemwita akajaribiwe. Watu sita chomboni, na yeye huenda akawa wa sita.

Nikasema, "Mashallah." Mdomo ndio uliosema. Moyo ulisema: uwongo huu.

Chombo kipae? Na mtoto wa Maplewood, ambako hata harufu ya bahari haifiki, aitwe na watu wa dunia nzima? Hapana. Nikajiambia, hapa pana mwanamume.

Jamani, shaka ni kama mchwa. Ukimwona mmoja, ujue ukuta umeshaliwa.

Nikaanza kupeleleza. Kila asubuhi Mwanasha yuwaingia bafuni, afunga mlango, apanda mizani. Kisha simu yalia, na sauti nzito ya mwanamume, Kiingereza cha kwao sijui wapi, yauliza ngapi leo. Kiingereza changu ni cha dukani, lakini hesabu nazijua. "Sixty-one," mtoto ajibu. "Good, good," asema yule.

Good nini? Mwanamume gani anauliza kilo za mtoto wa watu?

Nikampigia rafiki yangu Bi Tatu, anakaa Inver Grove Heights, tumetoka naye mtaa mmoja.

"Bi Tatu, mtoto anapimwa uzito kila siku."

Akavuta pumzi. "Weye! Kiumbe hupimwa kwa mambo matatu. Mtoto mchanga kliniki, mgonjwa wodini, na mbuzi wa kuchinjwa. Huyo wako ni yupi?"

Sikulala vizuri tena!

Nikazidi kuchimba. Mikono yake ina madoa ya damu iliyovilia, na miguuni hivyo hivyo. Nikamuuliza ni nani anayempiga. Akacheka. "Nyanya, ni winchi, ile mashine ya kukazia kamba za tanga. Napiga mazoezi ya kuzungusha mikono ya winchi." Winchi gani yenye ngumi?

Siku nyingine nasikia maji bafuni, kisha kimya. Kimya kirefu. Nikasukuma mlango, namkuta amelala kifudifudi, uso ndani ya maji! Nilipiga ukelele mpaka jirani akagonga ukuta. Akainuka, nywele zatiririka. "Nyanya! Nafanya mazoezi ya pumzi! Chombo kikipinduka unatakiwa utulie chini mpaka utoke!"

Nikapekua mkoba wake. Ndio, nilipekua, ungamo si ungamo ukificha. Nikatoa kisu. Kidogo, chenye ala. Nikamuuliza. "Cha kukata kamba ikinikaba," akasema. Kila swali ana jibu! Na kwangu mimi mtu mwenye jibu la kila swali ndiye wa kuogopwa.

Tena yuwakataa chakula changu. Mahamri hali. Viazi vya nazi hali. Mbaazi azila bila tui, mbaazi kama za jela! Nikamkalisha nikamuuliza kwa upole, na yeye akanijibu kwa upole, maskini mtoto wangu. Akakunja vidole mbele yangu. "Nyanya, sisi sita uzito wetu unajumlishwa. Haufai kupita kiwango. Hawa wanaume ni wakubwa, wanachukua sehemu kubwa. Kiti changu mimi ni cha kilo sitini na moja. Nikizidi, sipandi. That's it."

Akaniambia hata, "Jumamosi twende ziwani ukaone nikifanya mazoezi. Mimi nita-drive, wewe ukae tu." Nikasingizia magoti.

Aliniambia yote! Hakunificha hata moja. Nikawa namsikiliza kama hakimu aliyekwisha andika hukumu.

Na kwetu, mnajua, mwari akikaribia harusi hufungiwa ndani, asingwe, alishwe, ajae, mume amkute ana mwili. Mume wa halali hutaka mke aliyejaa. Sasa huyu anayemtaka mtoto akonde, anataka kumpitishia wapi, dirishani?

Ndipo nikapata akili yangu. Akili! Nikamwambia Bi Tatu, "Huyo mwanamume amtaka mwembamba. Mimi nitampa mnono. Atamwacha mwenyewe."

"Umeshinda," akasema Bi Tatu.

Mwanasha alikuwa ananiachia nimpikie shayiri yake ya asubuhi, maji matupu na chumvi kidogo. Nikaanza kutia samli. Kijiko kimoja, vikawa viwili. Supu yake ya mboga nikaikaza kwa tui zito, nikaipitisha kwenye kitambaa isionekane. Maji yake ya ndimu nikayatia sukari ya miwa mpaka nyuki wangesimama kusalimia. Yeye asema, "Nyanya, siku hizi chakula chako kitamu sana." Nami najibu, "Ni mapenzi, mwanangu."

Lakini kulikuwa na ile mizani. Ingenisema.

Sasa hapa ndipo penye kosa lenyewe. Chakula ni chakula, bibi yeyote angetia samli. Lakini mizani!

Marehemu mume wangu alikuwa na duka Majengo, Mombasa. Miaka thelathini na kitu akipima sukari, mchele, maharage. Mizani yake ya mshale aliipangusa kila asubuhi kabla hajafungua mlango. Watu walitoka mitaa mingine kuja kununua kwake, kwa sababu hakupunja hata punje. Alikuwa akinambia, "Mteja mjinga hutazama mshale unaposimama. Mteja mjanja hutazama unapoanzia." Kwa sababu muuzaji mwizi hachezei mwisho. Huchezea mwanzo.

Mizani ya bafuni kwetu ni ya mshale pia, Rukia aliinunua duka la mitumba. Kwa chini ina kigurudumu kidogo cha kurudishia sifuri. Nilikijua kama ninavyojua vidole vyangu.

Mwanasha akienda kazini, mimi naingia bafuni. Napiga magoti, magoti yale yale yaliyoshindwa kwenda ziwani, nakizungusha kigurudumu nyuma, nywele moja tu. Wiki nusu kilo, wiki kilo. Yeye anenepa, mshale warudi nyuma, na yeye kila siku aona sitini na moja. Kumbe kocha alikuwa amemwambia ajipime mizani ile ile, mahali pale pale, saa ile ile, asichanganywe na mizani za mitaani. Kwa hiyo hakupanda nyingine. Nguo zikimbana, asema ni misuli, kwa kuwa anabeba vyuma.

Wiki sita. Mjane wa mtu aliyekufa na mizani safi, nimepiga magoti bafuni Amerika napunja mizani.

Na nilikuwa naimba! Msidhani nilikuwa nalia. Nilikuwa na furaha ya mtu anayemwokoa mjukuu wake.

Siku ya safari ya kwenda kujaribiwa ikafika. Akanibusu mkono, akabusu paji la uso. "Niombee, Nyanya." Nikamwombea. Nikaomba yule mwanamume amkatae.

Kesho yake jioni twala, mimi na Rukia, simu ya picha ikalia. Mwanasha, macho mekundu.

"Mama, sitapanda."

Rukia akaangusha kijiko. "Kwa nini?"

"Nimepimwa. Sitini na tano. Wamenipima mara mbili. Nimevua saa, nimevua soksi, nimetoa hata vibanio vya nywele. Sitini na tano, Mama. Wamemweka msichana wa akiba."

Wallahi, sitawadanganya. Nilisema Alhamdulillahi moyoni. Nikaona nimeshinda. Nikawaza hata maandazi ya kumpokea nayo.

Kisha Mwanasha akasogeza simu, na nyuma yake nikaona bandari. Na bandarini, kimeninginizwa kwenye kreni, chombo. Viwiliwili viwili. Tanga kavu kama bawa. Vile vijiguu vyembamba vyatona maji. Na watu wenye helmeti wapita chini yake.

Kipo! Chombo kipo!

Mara akaingia kwenye picha mzee mmoja mnene, nywele nyeupe, uso umeungua na jua, kofia mkononi. Akasema maneno, na sauti ni ile ile. Sauti ya "good, good". Rukia akanitafsiria: "Asema yeye ni kocha. Asema ana wajukuu watano, na angependa mmoja wao awe na bidii ya Mwanasha. Asema anasikitika, lakini sheria ni sheria, hawezi kumpandisha."

Nikalirudisha tonge sahanini.

Alirudi siku ya tatu. Hakusalimia, mkoba bado mgongoni, akaenda moja kwa moja bafuni. Nikasikia chuma cha mizani kikilia. Halafu, "Mama! Njoo!"

Tukaenda wote. Mwanasha amesimama juu ya mizani, mshale umesimama sitini na moja. Akashuka. Akaangalia mizani tupu. Akachuchumaa akaangalia tena. Mshale ulikuwa umelala nyuma ya sifuri, kilo nne nyuma.

"Haianzi kwenye sifuri," akasema. "All this time. Haikuwa inaanza kwenye sifuri. Na mimi sikuangalia. Mimi! Kazi yangu nzima ni kuangalia vitu!" Akajipiga paji la uso kwa kiganja.

Rukia akakaa kwenye ukingo wa bafu. "Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyenunua takataka ya mitumba. Nilikuwa nabana matumizi. Nimekuharibia, mwanangu."

"No, Mama."

"Ni mimi!"

Nami nimesimama mlangoni na mtandio wangu, mdomo huu usio na breki, siku hiyo ukafunga breki. Nikasema, "Poleni." Nikaenda jikoni.

Siku tatu nilinyamaza! Mwanasha akawa hali, akila asimama, ajipapasa tumbo kama lina adui. Rukia akawa anaomba msamaha kila akipita. Anarudi kazini amechoka, hajavua viatu, "Nisamehe, mwanangu." Mtu asiye na kosa anaomba msamaha, na mwenye kosa anakata vitunguu.

Nikampigia Bi Tatu. Akaniambia, "Mimi sikukwambia uchezee mizani. Mimi nilisema umlishe tu." Na akakata simu ati ana wageni. Wageni Jumanne asubuhi!

Siku ya nne Rukia akaibeba ile mizani kwenda kuitupa pipani. Nikamwona kwa dirisha la jikoni, ameikumbatia kifuani kama maiti ya mtoto, yuwalia njiani mchana kweupe, majirani waona. Hapo nilishindwa. Nikatoka na malapa, bila koti.

"Rukia! Usiitupe! Mizani haina kosa."

"Mama, rudi ndani, baridi."

"Haina kosa. Ni mimi niliyeirudisha nyuma."

Akanitazama kama si mimi niliyemzaa.

Tukaketi mezani watatu. Nikasema yote. Samli. Tui. Sukari. Kigurudumu. Mkoba. Mbuzi wa kuchinjwa. Rukia alitaka kupiga kelele, Mwanasha akamshika mkono. Nilidhani Mwanasha atalia. Hakulia. Alikuwa ananiuliza maswali, kidogo kidogo, kama mtu anayehesabu vyombo baada ya wizi.

"Nyanya, si nilikuonyesha video?"

"Ulinionyesha."

"Si nilikueleza kuhusu kilo?"

"Kwa vidole, mwanangu."

"Si nilikuambia twende ziwani?"

"Uliniambia."

"Sasa ungetaka nifanye nini zaidi ndio uniamini?"

Nikamnyooshea mkono.

Akainuka akasema, "I'm not mad, Nyanya. I just don't know what I'm eating in this house." Rukia hakunitafsiria. Nilielewa mwenyewe: hana hasira, ila hajui tena anakula nini nyumba hii.

Wiki iliyofuata tuliangalia mashindano kwenye televisheni, asubuhi mapema. Nikaona kwa macho yangu vile vyombo vyapishana, vyaruka, vyakata kona mpaka kiwiliwili kimoja chaelea hewani. Kwenye kiti cha sita alikaa msichana mwengine. Nikangoja Mwanasha amseme vibaya. Akanong'ona tu, "Nzuri, shika hapo, shika..." na mikono yake mapajani yazungusha winchi ambayo haipo. Nikaondoka nikaenda kulia chooni, nikafungulia maji wasinisikie.

Mpaka leo timu haijamwita tena. Kocha alisema watatazama msimu mwengine. Kutazama si kuita. Anaendelea na mazoezi, na sasa nikialikwa ziwani naenda, magoti au hakuna magoti. Nakaa kwenye gari na blanketi, namtazama. Mtoto anajua! Natamani kumweleza kila apitaye.

Ameshanisamehe, asema. Na mimi namwamini, sasa namwamini kila kitu, hata akisema kesho theluji itakuwa nyekundu. Ila chakula chake apika mwenyewe. Vibakuli vyake ameviandika jina. Nikimmiminia chai, anaisogeza puani kwanza, aniuliza, "Plain, Nyanya?" Najibu, "Maji na majani tu, wallahi." Anainusa tena. Ndipo anakunywa.

Hilo ndilo lililonigharimu. Nilimshuku asiye na kosa, sasa mimi mwenye kosa nashukiwa, na nastahili.

Basi mabibi wenzangu, mama zangu, nyinyi wenye mioyo ya mchwa kama wangu. Mtoto akikueleza jambo kubwa kuliko dunia yako, usikimbilie kumtafutia uwongo. Magoti yakuume, nenda ukaone! Na ukimpikia mtu, tia alichokubali, hata kama ni maji na chumvi.

Mizani hatukuitupa. Mwanasha ameirudisha bafuni. Kila asubuhi, kabla hajapanda, nasikia anasimama kidogo, na najua anatazama mshale unapoanzia. Marehemu angempenda sana. Mimi nilikaa na huyo marehemu miaka yote ile, nikamsikia akisema neno lile kila siku ya Mungu, na mjukuu wangu huyu nikampima kwa shaka zangu wiki sita nzima bila kurudi kwenye sifuri.